Kabla ya Kumwita Mwashi

Vuli imekaribia, na sisi tuishio kwenye vilima vya Mwanza tumeanza tena kutazama nyuma ya nyumba zetu, palipo na udongo uliosimama juu yetu, na mbele ya nyumba zetu, palipo na paa la jirani chini ya miguu yetu. Kwa ajili hiyo nimeziweka kando habari za daftari la matumizi ya nyumbani nilizoahidi, nipate kuwasimulia mambo ya mzee mmoja na ukuta wake. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa, ila amesema nisitaje jina lake, maana watu wamekwisha mcheka vya kutosha.

Mzee huyo alikuja ofisini kwangu mwezi wa Juni, Jumanne asubuhi, hata dirisha sijalifungua. Nikampa shikamoo, akaitika, "Marahaba, mwanangu. Chukua kalamu. Niandikie barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nimshitaki jirani yangu wa chini." Karani wa parokia huandika barua nyingi zisizo za parokia, nami nimekwisha zoea. Nikamwuliza jirani amekosa nini. Akasema, "Ananizuia kujenga ukuta, katika kiwanja changu, kwa mawe yangu, na kwa fedha yangu."

Nikaiweka kalamu chini, nikamwomba anieleze tangu mwanzo. Kumbe ukuta wenyewe ulikuwa wa pili. Wa kwanza alijengewa mwaka uliopita na mwashi mmoja kwa muda wa siku sita. Ulikuwa na kimo cha mita mbili na nusu, wa tofali za inchi 6, kama ukuta wa chumba, ukapigwa lipu vizuri na kupakwa rangi. Tundu hata moja halikuachwa, maana mzee mwenyewe alikataa. Hakutaka maji machafu yaharibu rangi. Nyuma yake wakajaza udongo ule ule uliochimbwa kilimani, ukashindiliwa kwa miguu. Vuli ikapita salama, mzee akajisifu. Ikaja masika. Mwezi wa Aprili, baada ya mvua ya siku tatu, usiku wa saa nane, ukuta ukalala wote kwa mara moja juu ya jiko la mama jirani.

Mama na wajukuu walikuwa wamelala nyumba kubwa. Jikoni alikuwamo mbuzi jike na wanawe wawili, nao wakafa. Kulipokucha watu wakaja kufukua, wakakuta kipande cha ukuta, kikubwa kama mlango, kimelala juu ya mafiga. Pembeni mwa mafiga hayo ndipo kila jioni mjukuu wake wa darasa la tatu hukaa akifanya kazi za shule, nyanya yake akipika. Mama alikitazama kigoda cha mtoto kilivyosagika, asiseme neno. Mzee ameniambia kuwa angalimtukana, yeye angaliona nafuu.

Naye si mtu mbaya. Alilipa mbuzi, akamjengea mama jiko jingine, akaomba radhi mbele ya wazee. Lakini sasa alitaka kuujenga ukuta tena upesi kabla ya vuli, tena mrefu zaidi, na saruji mara mbili. Na mama akasema hapana jiwe litakalowekwa pale mpaka aione karatasi ya Halmashauri. "Karatasi!" mzee akaniambia. "Je, karatasi huzuia udongo?"

Wasomaji, swali hilo ni la haki, wala nisingependa kulipita mbio. Karatasi haizuii udongo. Lakini hebu tutazame kwanza ni nini kinachouangusha ukuta, ndipo tutaona kwa nini ofisi huuliza inayoyauliza.

Ukuta wa nyumba hubeba mzigo unaotoka juu kwenda chini. Ukuta wa kuzuia udongo husukumwa kutoka ubavuni, mchana na usiku, mwaka hata mwaka. Jambo hili liliwasumbua hata wajenzi wa ngome za zamani. Coulomb, Mfaransa aliyekuwa mhandisi wa jeshi na aliyejenga ngome katika kisiwa cha Martinique, ndiye aliyeandika hesabu yake ikachapishwa Paris mwaka 1776, na mpaka leo wahandisi huianzia hapo. Adui mkubwa kupita udongo ni maji. Chukua ukuta wenye kimo cha mita 2. Maji yakijaa nyuma yake mpaka juu, basi kila mita moja ya urefu wa ukuta husukumwa na maji peke yake kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 2 hivi, mbali na udongo wenyewe. Ukiufanya kuwa mita 4, watu wengi hudhani kuwa nguvu itakuwa mara mbili. Sivyo. Huwa mara nne, yaani tani 8 hivi. Na kwa kuwa sasa husukuma mahali palipo juu zaidi, uwezo wake wa kuupindua ukuta huwa mara nane. Chuoni tulifundishwa hesabu hii kwa ndoo na mpira wa maji, nami nikaisahau mara baada ya mtihani. Mzee huyu ndiye aliyenifanya niitafute tena.

Basi, mtu akiniambia kuwa ataongeza mistari miwili mitatu ya tofali juu ya ukuta wake wa zamani ili apate uwanja sawa wa kuwekea gari, mimi huogopa. Na wengine huweka tangi la maji ukingoni kabisa, wakisahau kuwa tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Ukuta haujui kuwa ni tangi. Hujua kusukumwa tu.

Saruji mara mbili isingemsaidia mzee. Ukuta wa mawe unaosimama kwa uzito wake mwenyewe hutaka kitako kipana. Wahandisi kwa kawaida huanza na upana wa chini ulio nusu ya kimo, au zaidi kidogo mpaka karibu theluthi mbili, kisha hupiga hesabu wakaona kama watosha. Wa mita mbili na nusu utataka basi zaidi ya mita moja na robo chini, na mzee alikuwa na inchi 6. Ama mtu atumie zege lenye nondo, ambalo kitako chake huingia ndani chini ya udongo, hata udongo wenyewe ukikalie na kuushikilia ukuta. Lakini huo si wa kukisiwa na mwashi kwa macho. Na kwa vyovyote lazima maji yapate njia: mabomba ya inchi 2 au 3 yakipita ukutani kila baada ya mita moja na nusu au mbili, na nyuma yake kokoto safi, na kitambaa maalum cha kuzuia udongo usizibe kokoto. Kuna na vile vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, mnavyoviona kando ya barabara. Sura yake si nzuri machoni pa wengi, lakini maji hupita ndani yake bila kuomba njia.

Sasa sheria. Watu wengi hudhani kibali ni cha nyumba, na ukuta ni jambo la mwenye kiwanja. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 hukataza mtu kuendeleza ardhi katika eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya eneo hilo. Na kuendeleza ardhi si kujenga nyumba tu, bali ni kazi yoyote ya ujenzi au ya kihandisi, juu ya ardhi au chini yake. Kukata kilima na kukisimamishia ukuta ni kazi ya namna hiyo hasa. Asiyefuata aweza kuamka akaona alama ya X ya rangi nyekundu ukutani kwake, na amri ya kusimamisha kazi. Hapo ameshalipa mwashi, na mawe yameshalala barabarani.

Nikamwambia mzee sitamwandikia barua ya mashitaka, ila nitamwandikia ya maombi. Akanuna. Akaondoka. Siku ya tatu akarudi na bahasha kubwa chini ya kwapa, tukaanza.

Kila halmashauri ina desturi zake kidogo, basi ulizeni kwenu kwanza. Mimi nasema tuliyoyakuta. Lilitakiwa jambo la kuonyesha kuwa kiwanja ni chake, yaani hati au barua ya toleo. Zilitakiwa risiti za kodi ya pango la ardhi, na hapo mzee akakwama kwa muda wa juma zima, kwa kuwa alikuwa na deni la miaka miwili, naye alidhani kuwa ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku tangu mwaka 2021 ndiyo hiyo hiyo. Siyo. Ile ni ya jengo, hii ni ya ardhi. Ilitakiwa barua ya mwenyekiti wa mtaa ya kumtambulisha, na fomu ya maombi. Tena zilitakiwa ramani: ya kiwanja chote ikionyesha mahali pa ukuta, na mchoro wa ukuta wenyewe ukiwa umekatwa ubavu, kitako chake kionekane, na mabomba, na kokoto, na nondo. Kwa nyumba za kawaida hutakiwa nakala tatu za michoro ya jengo, na mbili za michoro ya vyuma kama ni ghorofa. Kwa ukuta mrefu wa kuzuia udongo ofisi hutaka mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wenye muhuri wake. Siku hizi katika sehemu nyingi maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao, na ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Mtu akikuambia umpe fedha mkononi ili akusaidie ndani, mwombe namba hiyo. Kama hana, rudi nyumbani na fedha yako.

Wenzetu wanaokaa mahali pasipopimwa, na ni wengi vilimani humu, wataniuliza wao wafanyeje wasio na hati. Waanze kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ardhi, waulize urasimishaji umefika wapi mtaani kwao, na kama wana leseni ya makazi waichukue. Wala wasijenge usiku kwa kuwa hawana hati. Udongo hausomi hati. Na walio karibu na ziwa au mto wakumbuke zile mita 60 za Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ambamo haijengwi.

Maombi yetu yalipofika, yakapitia mikono mingi. Afisa mipango miji alitazama matumizi ya kiwanja na nafasi ya kupita, afisa afya akauliza shimo la choo liko umbali gani na ukuta, maana maji ya shimo nayo hulowesha udongo, na mhandisi akaurudisha mchoro mara moja. Hakukataa ukuta. Aliuliza maji yatokayo katika mabomba yatakwenda wapi. Kwa kweli mchoro ulionyesha yakimwagikia chini tu, na chini ni kwa mama.

Lakini jambo kubwa lilitoka kwa mpima ardhi. Alikuja na vyombo vyake Alhamisi moja, watoto wa mtaa mzima nyuma yake, akitafuta mawe ya mpaka. Mawili aliyaona upesi. La tatu lilikuwa limefukiwa na kifusi cha ukuta ulioanguka, na walipolifukua, mzee akatazama, kisha akatazama tena. Msingi wa ukuta wake wa kwanza ulikuwa umeingia kiwanja cha mama jirani karibu urefu wa mkono mzima, toka pembe hata pembe. Mwashi alikuwa amefuata mstari wa michongoma. Miaka yote hiyo mzee alikuwa akisema kiwanja changu, na mama, ambaye hakupata kusoma ramani, alikuwa akinyamaza.

Nilikuwapo siku hiyo. Ingalikuwa rahisi mambo kugeuka kesi, na najua kesi za namna hiyo. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata haliamui tena mashauri ya ardhi, bali husuluhisha tu. Wasiposikizana watu huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko miaka hupita, na mvua haingoji hukumu. Mzee akavua kofia, akamwambia mama, "Dada, sikujua." Mama akajibu, "Mimi nilijua, kaka. Niliona haya kukusemesha kwa ajili ya udongo." Basi. Wakaenda kunywa chai kwa mama, katika jiko lile jipya, mpima akabaki anakunja vyombo vyake.

Najua yuko msomaji atakayesema kuwa haya yote ni uzito mkubwa kwa ukuta mmoja wa nyuma ya nyumba. Nimwambie habari ya mji mwingine uliojengwa miteremkoni kama huu wetu, nao ni Hong Kong. Tarehe 18 Juni 1972, siku moja, baada ya mvua nyingi, udongo uliporomoka mahali pawili mjini mle: huku wakafa watu 71, kule 67. Mwaka 1977 serikali ya huko ikaweka ofisi maalum ya kuchungua miteremko na kuta zote za kuzuia udongo, na kuzikagua ramani zake kabla ya kujengwa. Hata hivyo, Julai 1994 ukuta mmoja wa zamani wa mawe uliangukia njia, karibu na nyumba za ghorofa ziitwazo Kwun Lung Lau, wakafa watu watano. Waliochunguza wakaona mambo mawili: ukuta ulikuwa mwembamba kuliko watu walivyodhani, na mabomba yaliyofukiwa nyuma yake yalikuwa yakivuja na kuloweka udongo. Ni wembamba na maji, kama kwa mzee wetu.

Kibali kikatoka mwezi wa Agosti, nao ukuta uliomo ndani yake si ule alioutaka mzee. Umerudishwa nyuma mpaka ndani ya mpaka wake, akapoteza sehemu ya uwanja aliokusudia kuanikia. Badala ya ukuta mmoja mrefu ziko kuta mbili fupi za mawe, kama ngazi mbili za shamba la mlimani, na ya juu imesogezwa nyuma ya kutosha, maana ikikaa karibu mno huilemea ya chini, zikawa kama ukuta mmoja. Kati yao mzee amesema atapanda mapapai. Mhandisi akamwambia apande majani tu, nao bado wanabishana. Maji yote hukusanywa katika mtaro wa saruji chini ya ukuta na kupelekwa mfereji wa mtaa, na ule mtaro umeandikwa katika karatasi ya mapatano waliyotia sahihi mzee na mama, mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi. Mama alitia dole gumba, kisha akaniomba nimsomee tena tangu juu.

Kuchimba walichimba kwa vipande, mita chache kwa mara moja, wakijenga kipande kabla ya kufungua kingine, ili kilima kisibaki wazi chote. Hii ni kazi ya kiangazi. Anayekata kilima wakati wa masika huchezea maisha ya vibarua. Na kabla msingi haujafukiwa, kibali chenyewe hutaka mtu wa Halmashauri aitwe kuukagua. Mzee akamwita. Mhandisi akashuka ndani ya shimo, akachoma chini kwa nondo, nondo ikazama kama katika ugali. Pembe ile, kumbe, lilikuwa shimo la takataka la zamani lililofukiwa. Akaamuru wachimbe zaidi mpaka wapate udongo mgumu. Mzee akanung'unika kwa sababu ya ujira wa siku mbili zaidi, lakini akachimba, na karibu na kimo cha mtu wakafikia mwamba.

Ukuta wa chini umekwisha, na wa juu umefika nusu. Jumamosi iliyopita nilipita pale baada ya kazi. Lile rasharasha la Ijumaa lilikuwa limenyesha, na mabomba matatu yalikuwa yakitoa maji, membamba na masafi, yakiingia mtaroni. Mjukuu wa mama alikuwa amechuchumaa kando, ameweka kikopo chini ya bomba moja, akihesabu yanajaa kwa muda gani. Mzee alikuwa juu, akiwapigia kelele vibarua wasiweke udongo mahali pa kokoto.